Mfuko Mweusi wa Eirwen

Watu wakiniuliza Eirwen Prosser ni nani, huwaambia ni yule mwanamke aliyegombana na chuo kikuu kwa sababu ya mfuko wa taka. Wanacheka. Mimi sicheki, kwa sababu nilikuwepo, na nikilikumbuka jambo lile mpaka leo napandwa na hasira upya kana kwamba limetokea asubuhi hii.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi katika jiko la shule ya msingi hapa kijijini Cwm Helyg, Wales. Mimi mpishi, yeye mpakuaji. Alikuwa mwembamba, sauti nzito, na hakuwa na subira na mtoto anayedeka. "Kula hizo njegere, bwana mkubwa, hazikuumi." Lakini alikuwa na jicho. Wapo watoto wanaoletwa shuleni katikati ya muhula kwa sababu serikali imewatoa kwa mlezi mmoja ikawapeleka kwa mwingine, na Eirwen aliwatambua kabla mwalimu hajafungua mdomo. Hao aliwaongezea viazi bila kuulizwa. Kisha kila Jumamosi alipita duka la mitumba la kanisa akanunua mabegi, ya michezo, ya safari, yoyote ambayo zipu yake bado inafunga, akayarundika stoo kwangu juu ya makopo ya maharagwe. Mtoto wa aina ile akihamishwa tena, Eirwen humpa begi.

"Stoo yangu umeifanya uwanja wa ndege," nilimwambia.

"Kelele, Mair. Siku moja nitakueleza."

Alinieleza siku ya theluji, watoto wameshindwa kuja shule na sisi wawili tumekaa na sufuria zima la supu lisilo na mlaji.

Alikuwa na miaka tisa, na mdogo wake wa kiume, Emlyn, alikuwa na sita. Mama yao alishindwa na pombe. Asubuhi moja afisa wa ustawi wa jamii aliingia, akampa Eirwen mifuko miwili ya taka, ile mikubwa myeusi, akamwambia atie nguo zao upesi. Eirwen akafungasha yote miwili, wake na wa mdogo wake. Katika mfuko wa Emlyn alitia kipande cha blanketi la kijani ambacho mtoto yule alikiita Moti. Asipokuwa na Moti mkononi, halali. Walipotoka nje wakakuta magari mawili. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba wanatenganishwa. Mfuko mmoja ukarushwa kwenye gari hili, mwingine kwenye lile, na jioni, Eirwen alipofungua wake kwa mama mlezi, alikuta suruali fupi za mtoto wa miaka sita. Na Moti.

"Nikamwambia yule mama, mifuko imepishana, mdogo wangu hatalala," alisema. "Akapiga simu. Wakamjibu watalishughulikia."

Hawakulishughulikia. Emlyn aliasiliwa na watu wengine, akapewa jina lao, na njia ikafungwa hapo. Eirwen alipokuwa mtu mzima alijiandikisha serikalini kwamba anamtafuta, lakini sheria yetu inataka na yule wa pili naye ajiandikishe. Emlyn hakuwa amejiandikisha. Basi dada mtu akaolewa, akazaa wavulana wawili, akaachika, akapakua viazi, na Moti akakaa katika droo ya kando ya kitanda chake, ndani ya kitambaa safi.

Wanawe walipohama nyumbani, alinitangazia kwamba anakwenda chuo kikuu.

"Kusoma nini, katika umri huu?"

"Utoto na ujana. Pamoja na uandishi wa hadithi."

"Vyote viwili? Shoga, chagua kimoja upumzike."

"Siwezi kuchagua. Kimoja kitanieleza walitufanyia nini na kwa nini. Cha pili kitanifundisha kulisema vizuri, mpaka Emlyn alisikie huko aliko."

Alikuwa na mpango kamili. Kila mwaka chuo kile hutoa kitabu cha hadithi za wanafunzi wake, na kitabu hicho hupelekwa maktaba za Wales yote na nyingine za ng'ambo ya mpaka, Uingereza. Eirwen alitaka hadithi yake iingie humo, na mifuko miwili, na magari mawili, na Moti. Mtu yeyote mwingine angeisoma akapita. Mtu mmoja tu duniani angejua ni yeye. Sikumcheka tena baada ya hapo, nikampangia zamu zake kufuata masomo.

Sasa nifike kwenye darasa lao la uandishi, na mniwie radhi nikipaza sauti. Lina sheria. Hadithi yako husomwa na wote kabla, kisha mnakaa kuizunguka meza, na wenzako wanaichambua huku wewe mwenyewe umefunga mdomo. Huruhusiwi neno mpaka wa mwisho amalize. Mwalimu wao, Julian Thackray, mtu mpole mwenye skafu hata Juni, aliieleza hivi: "Mwandishi hatakwenda nyumbani kwa kila msomaji kumfafanulia. Hadithi ijisemee." Eirwen aliikubali. Kunyamaza alikuzoea tangu miaka tisa.

Siku ya hadithi yake alianza Imogen, msichana mwenye akili, adabu na kalamu ya bei. Ndivyo nilivyohadithiwa kesho yake, Eirwen akimenya viazi kama anayechuna ngozi ya mtu.

"Mimi nimeipenda sana," Imogen alisema. "Ila huo mfuko wa taka, jamani. Tumeshaelewa, watoto wametupwa kama takataka. Hakuna haja ya kutupigia ngoma masikioni."

"Na mifuko kupishana," kijana mmoja akadakia. "Hapo nilicheka. Imepangwa mno, haiingii akilini."

"Mimi ningeweka sanduku," Imogen akaendelea. "Sanduku dogo, kuukuu. Sanduku lina huzuni yake."

Wakaliafiki sanduku. Wakazungumzia rangi yake. Mmoja akapendekeza liwe la babu mtu, lina alama za meli. Eirwen amekaa pale pale, mikono mapajani, na kinywa kimefungwa kwa sheria.

Na nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu ndipo ninaposhindwa kuvumilia. Asubuhi ya siku ile ile, katika jengo lile lile, orofa moja juu, Eirwen na Imogen walikuwa pamoja katika somo la utoto na ujana. Mwalimu wao kule, Rhian, aliwaonyesha ukutani picha za watoto wanaohamishwa kutoka kwa walezi, na katika kila picha kuna mfuko mweusi wa taka. Akawaambia ni jambo la kila siku nchini humu. Imogen aliandika. Alitikisa kichwa kwa huruma. Kisha akashuka ngazi, akala mkate wake, akabadilisha daftari, na kile alichokihurumia orofa ya juu akakiita ngoma orofa ya chini. Msichana mmoja, siku moja, kalamu moja!

Wa mwisho alipomaliza, Julian akamgeukia Eirwen. "Haya, sasa mwandishi ana ruhusa."

"Haikuwa ishara," Eirwen alisema. "Ulikuwa mfuko."

Julian akatabasamu. "Sina shaka. Lakini jambo linaweza kuwa limetokea kweli, na bado likakataa kuaminika kwenye ukurasa. Ishara ikipiga kelele, msomaji huziba masikio."

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba neno lile lina ukweli wake. Nami nimewahi kusimulia mambo ya kweli nikaonekana mwongo. Lakini mtu akikwambia ameungua, unamtazama mkono, humrekebishii lugha.

Eirwen hakubadilisha kitu. Akapewa alama za katikati, akazibeba. Mwaka uliofuata alipeleka hadithi ileile kwenye kitabu, na mhariri wa mwaka ule, aliyechaguliwa na wanafunzi wenzake, alikuwa nani? Imogen. Eirwen akamfuata mkahawani.

"Kata maneno utakavyo. Hamisha nukta. Lakini mifuko usiiguse. Kuna mtu nataka aisome, na asipoiona mifuko hatajua."

"Nimekusikia, Eirwen. Usiwe na wasiwasi hata kidogo."

Nilikwenda kwenye uzinduzi nimevaa koti langu la mazishi, ndilo zuri nililonalo. Kulikuwa na mikate midogo ya matango na divai kwenye glasi za plastiki, na vitabu vimepangwa mezani kama matofali. Eirwen alichukua kimoja, akaitafuta hadithi yake, na nikamwona uso ukimbadilika. Akanipa kitabu. Nikasoma. "Masanduku mawili, jekundu na la bluu." Na kwa kuwa hakuna anayeweza kuchanganya sanduku jekundu na la bluu, sehemu ya kupishana ilikuwa imekatwa yote, na pamoja nayo suruali fupi, na Moti. Sasa msichana alifungua sanduku jekundu, akakuta nguo zake mwenyewe zimekunjwa, akatazama mvua dirishani. Mvua! Walimnyang'anya blanketi wakamwongezea mvua.

Imogen alipita akiwa na sinia la mikate. Eirwen akamshika mkono.

"Mifuko yangu iko wapi?"

"Ah, nilikuwa nataka kukuambia. Tulikaa kamati, tukaona kwa faida ya hadithi..."

"Nimekuuliza mifuko yangu iko wapi."

"Imekuwa nzuri mno sasa, Eirwen. Kuna watu wamelia."

"Wamelilia nini?" nikaingilia. "Sanduku? Nenda dukani ukawanunulie jingine walie tena. Huyu alikukataza waziwazi, binti. Alikwambia kuna mtu."

"Kila mwandishi ana mtu wake," Imogen alisema, na macho yakamjaa machozi, akawa yeye ndiye aliyeonewa.

Julian akaja na skafu yake, viganja mbele kama anayetuliza farasi. "Tusiiharibu jioni hii. Kosa la mawasiliano, tutalizungumza. Vitabu vimeshachapwa, na vya maktaba vimeshatumwa."

Vimeshatumwa. Niliona neno hilo likimwingia Eirwen. Kila maktaba aliyoihesabia miaka mitatu ilikuwa imepokea hadithi ya watoto wengine.

Wakamwita asome, maana ratiba ilikuwa ratiba. Akapanda jukwaani, akakifunga kitabu, akakiweka chini.

"Darasani kwenu mwenye hadithi hunyamaza wengine wakisema," akasema. "Basi leo kaeni kimya nyinyi."

Akaisimulia kwa kichwa, mfuko kwa mfuko, gari kwa gari, hadi suruali fupi na Moti. Sauti ile nzito haikutetemeka. Alipomaliza, Rhian wa orofa ya juu alikuwa amesimama wima katikati ya viti, mkono mdomoni. Wengine hawakujua kama inafaa kupiga makofi, wakatazama mikate. Tukaondoka.

Chuo kilimwandikia kwamba kinasikitika kwa "hisia zake", na kwamba hakuna fedha za kuchapa upya. Hisia! Nilikaa na hilo neno siku nzima, nikaunguza trei ya kastadi. Jioni nikampigia.

"Eirwen, gari langu lina mafuta. Tunazo Jumamosi zetu. Gundi naleta mimi."

Akachapa ukurasa wa kweli, nakala tele, tukaanza. Tulizunguka maktaba moja baada ya nyingine, mabonde haya na yale, kisha tukavuka mpaka. Tunaingia kama mabibi wawili wanaotafuta hadithi za mapenzi. Tunakipata kitabu, tunajibanza nyuma ya rafu, tunabandika ukurasa juu ya masanduku yao, tunaondoka. Mahali pengine mkutubi alitukuta gundi mkononi.

"Akina mama, mnafanya nini na mali ya umma?"

"Tunarudisha mali ya mtu," nikamjibu.

Alitufukuza, na nadhani ndiye aliyetushitaki, maana ilikuja barua kali ya chuo juu ya kuharibu vitabu. Eirwen alikuwa amebakiza mtihani mmoja apate shahada yake. Nikamwambia tuache kwanza. Akanitazama kama anavyomtazama mtoto aliyekataa njegere.

"Shahada niliifuata kwa ajili ya Emlyn, Mair. Washa gari."

Walimtisha, hawakumfukuza. Alipata shahada, akaenda kufanya kazi na watoto wa walezi huko mjini, na mwaka ukapita bila neno lolote. Tulikuwa tumeacha kulitaja jambo lile. Mimi nilidhani tumeshindwa.

Kisha siku moja, chakula cha mchana kimeisha na nasugua masufuria, mwanamume mmoja mrefu akasimama mlangoni pa jiko. Alikuwa amevua kofia. Pua ilikuwa ya Eirwen, imebandikwa kwenye uso mwingine.

"Samahani, mama. Namtafuta Eirwen Prosser. Kitabu kinasema aliwahi kufanya kazi hapa."

Nikaishika sinki. "Wewe ndiye Emlyn."

"Zamani nilikuwa Emlyn," alisema.

Nilimkalisha kwenye kiti cha Eirwen nikampa chai. Mkewe hufanya kazi katika maktaba ya mji mdogo ng'ambo ya mpaka. Kitabu kilipofika mara ya kwanza, mkewe alikileta nyumbani akamwambia kuna hadithi ya dada na mdogo wake, hebu isome.

"Nililiona jina Eirwen, lakini akina Eirwen ni wengi, na Prosser si ukoo wetu. Nikaisoma mpaka kwenye masanduku," alisema, "nikaifunga. Nikamwambia mke wangu hao si sisi. Sisi hatukuwa na masanduku."

Mwaka mzima, Imogen. Kitabu kilikuwa mikononi mwa Emlyn, na mwaka mzima ukapotea kwa sababu sanduku lina huzuni yake.

"Juzi akaja akicheka," aliendelea. "Akaniambia kuna vichaa wawili waliingia wakabandika karatasi ndani ya kile kitabu, hawakujua tangu lini. Nikaisoma hiyo karatasi nimesimama."

"Kichaa mmoja ndiye mimi," nikamwambia. "Twende kwa mwenzangu."

Sitawasimulia walivyokutana mlangoni. Walisalimiana kama watu waliogongana sokoni, kisha wakakaa kwenye kochi, nafasi ya mtu wa tatu katikati yao, na Eirwen akauliza kama anatumia sukari. Nilitaka kuwapigia kelele wote wawili. Mwishowe Eirwen akaenda chumbani, akarudi na kile kitambaa, akakifungua, akampa Moti.

Emlyn alikishika kile kipande cha blanketi kwa vidole viwili kwanza. Kisha akakikunja ndani ya ngumi yake, kama alivyozoea, nadhani.

"Hiki kilitupwa," alisema.

"Kilikuwa kwangu. Mifuko ilipishana."

"Nimesoma hivyo. Lakini maisha yangu yote nimejua kilitupwa." Akaendelea. "Tulifika kwa wale walezi jioni, mfuko ukaachwa pale mlangoni kwao. Kesho yake ilikuwa siku ya gari la taka. Yule mama akaona mfuko mweusi mlangoni, akaubeba, akautia kwenye pipa. Hata hakuufungua. Mimi niliamka nikaona gari linaondoka. Nililia Moti, Moti, wakaniambia nitazoea."

Eirwen akakikunja kile kitambaa kitupu mapajani.

"Zilikuwa nguo zangu," alisema. "Gauni la njano. Viatu vya shule. Nguo zangu zote."

"Sikujua zilikuwa zako."

"Walizitupa kwa kuwa zilikuwa kwenye mfuko wa taka."

"Ndiyo."

Hapo akaanza kucheka, cheko baya, linalokwaruza, mpaka akajishika mbavu, na machozi yakamtoka wakati huohuo. Akanigeukia.

"Mair, umesikia? Umesikia mwisho wenyewe? Nikiuandika huo, Julian ataniambia nimetia chumvi."

Emlyn alitutazama, mmoja baada ya mwingine, Moti ndani ya ngumi.

"Julian ni nani?" akauliza.